Bi Sikio na Kijiti cha Pili

Kompyuta iliganda kwa mara ya kumi na moja siku ya Jumatatu asubuhi, mke wa mwanawe akiwa ukurasa wa tisini na sita wa kitabu cha sayansi cha darasa la tano. Bi Sikio alijua ni mara ya kumi na moja kwa sababu alikuwa akihesabu tangu iliporudi kutoka kwa fundi mara ya mwisho. Hakuna aliyemwomba ahesabu. Lakini mtu aliyekaa miaka ishirini na mbili kwenye benchi la ukaguzi hawezi kuona kitu kikikosea mara mbili mbele ya macho yake asianze kuhesabu. Ni sawa na kumwambia mpishi apite jikoni asinuse.

Jina hilo la Bi Sikio, humo nyumbani hakuna aliyelijua. Alipewa kiwandani, enzi zile kiwanda kikiunda redio. Meza yake ilikuwa ya mwisho. Kila redio, kabla haijatiwa kwenye boksi, ilipita mikononi mwake: anaiwasha, anaigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Ikikwaruza hata kidogo, inarudi ilikotoka. Wenzake walisema anaweza kusikia waya uliolehemiwa vibaya ukiwa ndani ya boksi lililokwisha kufungwa. Waliongeza chumvi, lakini si nyingi.

Kisha kiwanda kilifungwa, naye akauza vitambaa, akasomesha watoto, akazeeka. Mwanawe, ambaye wakati ule alikuwa wa kubebwa mgongoni, alikua akijua jambo moja tu: mama aliwahi kufanya kazi kiwandani. Basi. Kama mtu anavyojua kwamba babu yake aliwahi kuwa na baiskeli.

Miezi minane iliyopita goti lilikuwa limemshinda Bi Sikio, na mwanawe akamchukua aishi nao. Alimlea kama yai. Mama usiinuke, mama usibebe, mama pumzika. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mtu mwema, mwenye viatu vilivyoisha visigino kwa kupanda ngazi za watu. Asubuhi hiyo alikuwa anafunga kamba za viatu hivyo mkewe alipobamiza kiganja mezani.

"Imeganda tena?"

"Imeganda." Mkewe hakugeuka. Mshale ulikuwa umesimama juu ya picha ya mzizi wa mmea, na hata angeisogeza mausi mpaka ukutani, mshale usingetikisika. Kibodi nayo kimya. Feni peke yake ndiyo iliyokuwa ikizunguka chini ya meza, kama mtu anayeendelea kutabasamu baada ya kusahau alichotaka kusema. "Kurasa nne nilikuwa sijazihifadhi."

"Si Dokta alishasema? Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, inakufa. Tutafute nyingine tu."

Dokta ni fundi wa duka la barabara ya pili, aliyeandika juu ya mlango wake kwamba yeye ni daktari wa kompyuta, na watu wakamchukulia kwa neno lake. Mara mbili alikuwa ameichukua mashine ile, akafuta kila kitu, akapanga programu upya, akairudisha. Mara mbili ilikaa siku tatu na kuganda.

"Alijuaje kwamba hiyo mazabodi inakufa?" aliuliza Bi Sikio kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

Mwanawe alicheka kwa upendo, na upendo ule ndio uliomchoma. "Mama, haya mambo ya kompyuta yasikuumize kichwa." Akamwinamia, akamuaga, akashuka ngazi.

Mke wa mwanawe alibonyeza kitufe cha kuzimia, akakishikilia mpaka mashine ikazimika, akawasha upya. Alikuwa mpanga kurasa: wachapishaji wa vitabu vya shule walimletea maandishi na picha, yeye akavipanga mpaka vikawa kitabu. Kitabu hiki kilikuwa na kurasa mia moja arobaini na nne, za rangi tupu, na kilitakiwa Ijumaa. Bi Sikio alimpenda binti yule kwa sababu moja ambayo hakuwahi kumwambia: alikuwa anaweza kurudia ukurasa mzima kwa ajili ya mstari uliopinda upana wa unywele.

"Mwanangu," alisema Bi Sikio, "naomba nikuulize. Hilo boksi limewahi kufunguliwa likasafishwa?"

"Sidhani, Mama."

"Feni yake inanguruma kuliko ilivyokuwa nilipohamia. Kitu kikipata joto hulegea. Tulifungue."

Binti alimtazama. Kwa kweli alikuwa amefika mahali ambapo hata mganga wa mbuzi angekaribishwa. Wakachomoa waya wa umeme, wakalipandisha boksi mezani maana goti la Bi Sikio halikutaka habari za kupiga magoti, wakafungua skrubu mbili za nyuma. Vumbi lilikuwa limelala ndani kama blanketi. Bi Sikio alishika kwanza chuma cha boksi kwa kiganja kizima, ndipo akaingiza mkono na brashi ya rangi, kavu.

"Kwa nini umeshika chuma, Mama?"

"Mwili una umeme wake. Ukigusa vitu hivi kabla hujaumwaga, unaviua, na huoni hata cheche."

Kipande hicho cha maarifa binti alikipokea, naye akashika chuma kwa kiganja chake. Walipofunga na kuwasha, feni ilipumua kwa upole. Siku hiyo kompyuta haikuganda tena, na jioni Bi Sikio alikula vizuri, akalala akiwa amejaa sifa alizojipa mwenyewe.

Jumanne, saa tatu na dakika kumi, iliganda.

Binti alikishikilia tena kitufe cha kuzimia. Bora angelalamika. Bi Sikio alikaa dirishani akiona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Alijua kosa lake, na lilikuwa kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza: ameona vumbi, akalikamata vumbi, kama polisi anayemkamata mtu kwa sababu tu alikuwa karibu. Hakuwa ameuliza lolote. Mkaguzi gani anayetoa hukumu bila maswali?

Aliinuka, akachukua daftari la kuandikia mahitaji ya sokoni, akaligeuza nyuma.

"Mwanangu, nisamehe ya jana. Vumbi lilikuwepo, lakini halikuwa lenyewe. Sasa tuanze sawasawa. Ugonjwa huu ulianza lini?"

"Kama miezi miwili hivi. Nilipoanza kitabu hiki."

"Kabla ya hapo ulikuwa unapanga nini?"

"Hadithi. Maandishi matupu, hayana picha."

"Na ikiganda, huwa umefungua nini?"

Binti alianza kutaja, na kadiri alivyotaja ndivyo sauti yake ilivyopungua: programu ya kupangia, programu ya picha, muziki, barua pepe, na kurasa za mtandao. Ngapi? Akahesabu. Thelathini na saba.

"Thelathini na saba!" Bi Sikio alivua miwani. "Mwanangu, hapo hata mimi ningeganda."

Wakacheka wote wawili, mara ya kwanza wiki hiyo. Binti alifunga za mtandao, akafunga muziki, akaondoa vile viprogramu vilivyokuwa vikijiamsha vyenyewe kila kompyuta ikiwashwa, vingine hata hakujua vimeingiaje. Kisha akafungua kijidirisha kinachoonyesha kompyuta inatumia kiasi gani cha nguvu zake, akakiacha kwenye kona ya skrini.

"Huu mstari ni nini?" aliuliza Bi Sikio.

"Kumbukumbu, Mama. Mafundi wanaiita ramu. Ni kama meza ya kufanyia kazi. Kila unachokifungua kinawekwa hapo kwa muda, ukikifunga, kinaondolewa. Meza ikijaa, kila kitu kinakuwa kizito."

"Basi uniambie huo mstari umefika wapi kila baada ya robo saa. Mimi naandika."

Waliandika mchana kutwa. Saa, ukurasa, mstari. Kompyuta iliganda mara moja tu, badala ya mara tatu, na binti akataka kufurahi, lakini Bi Sikio alimkatalia. "Redio inayokwaruza mara moja kwa siku imekwaruza." Akaweka kidole kwenye daftari. Mstari ulipokuwa chini ya nusu, hakuna lililotokea. Ulipopanda kidogo juu ya nusu, kwenye zile kurasa za picha kubwa za mizizi, ndipo mshale uliposimama.

"Hiyo meza yako," alisema taratibu, "ni moja?"

Binti akaacha kuandika. "Ni mbili. Ya pili Dokta aliiongeza. Nilimwambia kompyuta ni nzito, akaweka kijiti kingine cha ramu pembeni ya kile cha zamani. Vinalingana ukubwa."

"Lini?"

"Mwaka huu, mwanzoni. Lakini ilifanya kazi vizuri, Mama, wiki na wiki."

"Ulipokuwa unapanga hadithi. Meza ya kwanza ilitosha; nani angegusa ya pili?" Bi Sikio aliegemea kiti. Kitu kilikuwa kimeamka kifuani mwake ambacho alidhani kilifungwa pamoja na kiwanda. "Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini tusiseme bado. Jana nilisema mapema nikaumbuka."

Jumatano mwanawe aliwakuta asubuhi wamefungua boksi tena, akasimama na mkoba wake begani. Aliona mama yake amebonyeza vibana viwili vidogo kwa vidole gumba, na kijiti chembamba cha kijani, chenye meno ya rangi ya dhahabu, kikaruka juu kama samaki.

"Mama! Mtaiua kabisa!"

"Nenda kazini," alisema mkewe, bila ukali. "Mimi na Mama tuna kazi."

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu ya kupima kumbukumbu, iliyokuja nayo tangu dukani, na binti alijua kuiita. Kipimo kimoja kilichukua karibu saa nzima, skrini ikiwa ya bluu na asilimia zikipanda kwa mwendo wa konokono, na katika kungoja huko Bi Sikio akamsimulia binti habari za kiwanda cha redio, miaka ishirini na mbili kwenye meza ya mwisho. Vijiti vyote viwili pamoja: kuna hitilafu, skrini ikasema, lakini haikusema iko wapi. Kijiti cha zamani peke yake, mahali pake: safi. Kijiti kipya peke yake, mahali pake: hitilafu.

"Tumekipata!" Binti alipiga makofi. "Nikitupe?"

"Usitupe!" Bi Sikio aliinua kidole kama alivyokuwa akifanya mbele ya wasichana wa mstari wa kulehemu. "Umekipima kikiwa wapi?"

"Kwenye tundu la pili."

"Na kama tundu ndilo bovu? Dokta si amesema mazabodi inakufa? Tundu ni sehemu ya mazabodi. Ukitupa kijiti leo, na kosa lilikuwa la tundu, utakuwa umefunga asiye na hatia na mwizi bado amekaa sebuleni. Kihamishie kwenye tundu la mwenzake."

"Mama, hiyo ni saa nyingine mbili. Kitabu ni Ijumaa."

Alikuwa na haki. Bi Sikio alitazama saa ya ukutani, akatazama uso wa binti, uliokuwa na weusi chini ya macho. Angeweza kulegeza. "Nakuomba saa hizo mbili," alisema. "Nikikosea, nitakuosheeni vyombo mwezi mzima, goti na lote."

Binti akacheka, akakubali. Bi Sikio alisugua meno ya vijiti kwa ufutio wa penseli, polepole, akapuliza, akakiweka kijiti kipya kwenye tundu la kwanza na kukibana mpaka vibana vikalia *tak*. Wakasubiri. Hitilafu. Kisha kile cha zamani kwenye tundu la pili. Wakasubiri tena, safari hii hata chai hawakunywa. Asilimia tisini. Tisini na tano. Mia.

Safi.

Bi Sikio aliandika mistari minne kwenye karatasi isiyo na mikunjo: kijiti kipi, tundu lipi, matokeo. Chini yake akaandika tarehe na saa, akaweka sahihi. Hakuwa ameweka sahihi ya ukaguzi kwa miaka mingi, na mkono uliikumbuka wenyewe, na ule mkia wa mwisho unaopinda kurudi nyuma.

"Mazabodi ni nzima," alisema. "Kesho unanipeleka kwa huyo Dokta."

Duka la Dokta lilikuwa jembamba, kompyuta zilizofunguliwa matumbo zikiwa zimepangwa mpaka darini, na wateja wanne wakingoja kwenye benchi. Dokta mwenyewe alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye haraka. Alimwamkia Bi Sikio, akamtafutia kiti, kisha akamgeukia binti kana kwamba kiti kile kilikuwa kimemaliza habari ya mama mtu mzima.

"Dada, nilikuambia. Ile mazabodi haina maisha."

"Mazabodi haina kosa," alisema Bi Sikio kutoka kitini. Akafungua kitambaa, akatoa kijiti. "Kosa ni hiki."

Dokta alitabasamu. "Mama, hiyo ramu mpya kabisa. Niliitoa kwenye pakiti. Ramu mpya haina tatizo."

"Na mtoto mchanga haugui?"

Mteja mmoja akaguna kwa kicheko. Bi Sikio akampa Dokta karatasi. Kijana aliisoma haraka haraka, kama watu wanavyosoma risiti. Kisha akairudia polepole. Alipofika mstari wa nne aliinua macho.

"Mlivibadilisha matundu?"

"Ungejuaje bila kubadilisha?"

Dokta akaiweka karatasi mezani. Kwa heshima yake lazima isemwe kwamba hakubisha tena. Alifungua mashine yake mwenyewe, ile ya mezani kwake aliyoiamini, akachomoa ramu yake, akachomeka kijiti kile, akaanza kupima. Wateja wote wanne walikuwa wamesogea. Dakika ya kumi na mbili skrini ilitoa mstari mwekundu, kisha wa pili, kisha ikajaa mistari myekundu kama daftari la mwanafunzi mvivu.

Wateja wote wakamgeukia Dokta.

"Nimekosea, mama," alisema Dokta. Akajipangusa mikono ingawa haikuwa michafu. "Nilipaswa kupima kwanza. Wiki zote hizi nimewasumbua bure." Akafungua droo, akatoa kijiti kingine ndani ya pakiti. "Hiki hapa, badala yake. Sichukui kitu."

Binti alinyoosha mkono akipokee. Bi Sikio akamzuia.

"Kipime na hicho."

"Mama, hiki ni..."

"Kipya kabisa. Najua. Kipime."

Akakipima. Walingoja saa nzima, na hakuna mteja aliyelalamika. Mmoja alikwenda kununua maji akawaletea. Kilipotoka safi, Dokta alikifunga vizuri, akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Mama, haya ulisomea wapi?"

Bi Sikio alifungua mdomo, lakini mke wa mwanawe alimtangulia. Binti yule mpole, ambaye hata mchuuzi hakujua kumpandishia sauti, alisema kwa nguvu mpaka aliyekuwa mlangoni akageuka: "Huyu ni mkaguzi. Miaka ishirini na mbili kwenye kiwanda cha redio, meza ya mwisho. Hakuna kibovu kilichompita. Huyu ni mama mkwe wangu."

Njia nzima ya kurudi Bi Sikio alitembea kwa goti lile lile bovu, lakini alitembea katikati ya njia.

Kompyuta haikuganda Alhamisi hiyo, ingawa mstari ulipanda juu ya nusu, ukapita robo tatu, ukakaa huko. Haikuganda Ijumaa. Saa saba mchana binti alituma kurasa zote mia moja arobaini na nne, na saa tisa mchapishaji akapiga simu kusema kwamba mwaka huu hajapokea kazi safi kama ile. Binti alimwekea Bi Sikio simu sikioni ayasikie maneno hayo mwenyewe.

Jioni mwanawe alirudi, akasimuliwa yote na mkewe, tangu vumbi mpaka mistari myekundu. Alisikiliza akiwa amesimama, mkoba begani. Kisha akauweka chini, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu awe mtu mzima.

"Mama, kule kiwandani ulikuwa unafanya nini hasa?"

Naye akamwambia. Alimwambia habari za meza ya mwisho, na jina alilopewa. Alimwambia siku ile redio za shehena nzima zilipofika mbele yake, lori limewasha injini nje, meneja amesimama juu ya kichwa chake na kalamu, naye akasikia mkwaruzo mdogo kwenye redio ya tatu, na ya saba, na ya tisa, akakataa kuweka sahihi. Meneja alipiga kelele. Yeye akaweka mikono chini ya meza, akakaa. Zikafunguliwa zote, na zote zilikutwa na waya ule ule umelehemiwa juu juu. Wiki iliyofuata meneja alikuja kumshika mkono mbele ya kiwanda kizima.

"Mbona hukuniambia kamwe?" Mwanawe alikuwa na macho ya mtu aliyekuta chumba kingine ndani ya nyumba yake.

"Hukuwahi kuuliza, baba. Na mimi nilidhani yamepitwa na wakati."

Mwanawe aliinuka. Kisha akatoa simu, akatoka nayo hadi ukumbini kumpigia dada yake aliyeolewa mbali, na hata mlango hakuufunga. Bi Sikio alimsikia vizuri. Masikio yake bado yalikuwa yake. "Sikiliza nikwambie habari za mama," alisema mwanawe, sauti imempanda kama ya mtu aliyeshinda mechi. "Unajua kwamba mama aliwahi kusimamisha lori zima? Redio mia tatu! Peke yake!"

"Mia tatu na arobaini," aliita Bi Sikio kutoka dirishani. "Kama unasimulia, simulia sawasawa."